Wajina wa Sita

Karani wa ofisi ya ardhi aliita jina moja, wakasimama wanaume watano.

Akaliita tena, taratibu, kama mtu anayedhani ulimi wake ndio wenye kosa. Wale watano wakabaki wamesimama, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la kumwambia kaa chini wewe. Jina lenyewe tusilitaje hapa, maana wakilisikia watageuka wote na hadithi itachelewa.

Kwenye benchi la nyuma alikuwepo mtu ambaye hakuwa na shida yoyote ya ardhi. Hakuwa na hata mahali pa kuotesha mchicha. Mjini walimwita Sabuni, kwa sababu mbili: maneno yake yalikuwa na povu, na kila aliyemshika alibaki na kiganja kitupu. Sabuni alipenda ofisi zenye foleni. Watu wakisubiri sana huanza kusema mambo ya nyumbani kwao, na mambo ya nyumbani kwa watu ndiyo yaliyokuwa shamba lake.

Akatega sikio. Hakuhitaji kulitega sana, kwa kuwa wale watano walikuwa wakigombana kwa sauti ya kumtosha hata aliyelala. Ukoo wao ulikuwa na desturi kwamba kila mtoto wa kiume akizaa, kifungua mimba wake wa kiume apewe jina la babu. Babu alizaa wana watano, na wote walikuwa watiifu. Lakini wake za hao wana, kwa heshima, hawakuweza kulitamka jina la baba mkwe, hata kumwita mtoto aje aoge. Ndipo yalipozaliwa majina ya uani: Mrefu, ambaye aliacha kurefuka akiwa na miaka kumi, Kimya, aliyesema kuliko wote, Tumbo, Macho, na Mtoto, ambaye mvi zilikwisha kumwota na hakuna aliyejali.

Sasa babu, fundi cherehani, alikuwa amefariki. Aliacha karatasi isemayo kwamba chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, alichoshonea miaka arobaini, apewe "mjukuu mwenye jina langu." Mzee alipima viuno vya mji mzima bila kukosea, lakini hapo alikata kitambaa kabla ya kupima.

Toka siku ya mazishi hakuna aliyekigusa chumba. Paa lilikuwa limeoza, mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika, na cherehani ya marehemu ilikuwa imefunikwa gunia ikisubiri kulowa. Kila mjukuu alikataa kupigilia hata msumari mmoja, asije akamtengenezea mwenzake.

Bibi yao alikaa pembeni, midomo ikicheza kwa sala. Kimya akasema kwa hasira kwamba basi wamtafute na wa sita, wagombane vizuri. Wote watano wakacheka. Bibi hakucheka.

"Wa sita mwacheni," akasema. "Alipakiwa kwenye lori bado kijana, sikumwona tena. Na hakuna hata mmoja wenu anayeufikia utiifu wake. Maji ya nyumba ile alinibebea yeye."

Sabuni akahesabu vidoleni. Bibi kizee, mjukuu aliyepotea, chumba cha barabarani. Mwenyezi Mungu akitaka kumpima mja wake humwekea mlango wazi. Na Sabuni, tangu azaliwe, hajawahi kuuona mlango wazi akauliza ni wa nani.

Kesho yake alasiri alibisha hodi amevaa shati jeupe la kuazima. Alipiga magoti kizingitini na kuinamisha kichwa.

"Bibi," akasema, "mimi ndiye wa sita."

Wajukuu wote walikuwepo, kwa kuwa huo ndio ulikuwa wakati wao wa kuja kugombana. Macho alifungua kinywa; bibi akamwekea mkono gotini, naye akakifunga. Tumbo aliinuka ghafla akatoka, akasikika nyuma ya nyumba akikohoa kwa muda mrefu. Sabuni akajisemea kwamba kweli damu ni nzito, jamaa anaona haya kulia mbele za watu.

"Ulikuwa wapi, mume wangu?" bibi akauliza, kwa kuwa bibi hana jina jingine kwa mjukuu mwenye jina la mumewe.

"Mbali, bibi. Nilipakiwa kwenye lori."

"Na unakumbuka nini cha hapa?"

"Nakumbuka nikikubebea maji."

"Na fimbo nilizokuwa nakupiga?"

Sabuni alipima. "Zilikuwa za upendo, bibi."

"Zilikuwa za mti. Ulikuwa mwema, ila ukifika kwenye mtaro ulikuwa hutaki kuvuka." Bibi alimwinua kidevu, akamgeuza uso kushoto na kulia. "Masikio yamepungua. Lakini utu uzima hupunguza mengi. Karibu nyumbani."

Mrefu naye akatoka kwenda kukohoa.

Kisha bibi akaeleza sharti. Chumba ni cha mwenye jina, na mwenye jina ni mume wake, na mume hamwachi mke wake alowe. Atakayeezeka paa kabla ya mvua ndiye atakayepewa ufunguo. Wale watano wamekataa. Je, yeye?

Sabuni alikubali kabla bibi hajamaliza kusema. Moja kwa moja akaenda kwa Mwenye Duka la vifaa vya ujenzi, aliyehamia ng'ambo ya barabara mwaka ule na tangu ahamie alikuwa akikimezea mate chumba kile. Bibi alikwisha kumwambia mara tatu kwamba hakiuzwi. Sabuni alimwambia kinauzwa, tena kwa bei ya kaka kwa kaka, na muuzaji ni yeye, mjukuu wa sita, mrithi halali. Mwenye Duka hakuuliza mengi. Tamaa ikiingia dukani, mizani hutoka. Waliandika karatasi, Sabuni akatia sahihi kwa jina la babu, na Mwenye Duka akaongeza kifungu kwa mkono wake mwenyewe: makabidhiano yafanyike wakati bibi amekwenda kusali, na vyombo vyake vitolewe nje kabla hajarudi. Kwa kuanzia akatoa mabati kumi na mawili na mfuko wa misumari. Fedha ni siku ya ufunguo. Bibi, mlangoni pake, aliyaona mabati yakivuka barabara.

Basi mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuinua kitu kizito kuliko pochi ya mwenzake akapanda paa. Siku ya kwanza aling'oa mabati mabovu. Siku ya pili alipigilia boriti na vidole vyake, kwa zamu. Asubuhi, kabla ya kupanda, alichota maji ndoo nane, kwa sababu bibi alisema kumwona tena amebeba maji kunamrudishia ujana. Wajukuu walikaa kivulini wakimwelekeza. Lakini ni vigumu mwanamume kutazama kazi ikiharibiwa. Siku ya pili mchana Macho alishindwa kuvumilia, akashika ncha ya boriti; Kimya, ambaye hawakusemezana naye tangu mazishi, akashika ncha ya pili. Jioni walikuwa watano wote, mikono ina kutu, wakicheka kitu ambacho Sabuni hakukielewa.

Siku ya tatu bibi alijitanda, akatangaza kwamba anakwenda kusali. Hakudanganya. Alikwenda kusali chumba cha nyuma, kwa kuwa Mungu yuko na huko pia.

Muda si muda Mwenye Duka akavuka barabara, futi ya kupimia mkononi, na wapagazi wawili nyuma yake. Sabuni alimwona kutoka juu, akageuka ashuke. Ngazi haikuwepo. Mrefu alikuwa ameiegemeza kwenye ukuta wa mbali na kuikalia.

"Namtaka wa sita," Mwenye Duka akawaambia wale watano.

"Wa sita yupi, mwanangu?" Bibi alitoka nyuma akikunja mkeka wake.

Mwenye Duka alirudi nyuma hatua moja. Lakini karatasi ilikuwa mkononi, na karatasi humpa mtu ujasiri asiokuwa nao. Akasema amenunua chumba kihalali kwa mjukuu wake mwenyewe, na sahihi hii hapa. Bibi akamwomba Mtoto aisome kwa sauti, macho yake yeye ni ya zamani. Mtoto alisoma yote, mpaka na kile kifungu cha vyombo kutolewa nje. Wapagazi walitazama chini. Mmoja wao alivua kofia.

"Kaa, nikueleze," bibi akasema. "Mume wangu alikuwa mtu wa heshima, na mimi nililelewa nisimjibu mume. Basi tulipopata punda wa maji, nikampa jina lake. Nikiwa na neno na mume wangu, nilimwambia punda. 'Wewe, mbona umerudi umechelewa? Wewe, mbona huli nilichokuwekea?' Mwenzangu anasikia, yuko pale kwenye cherehani, hana la kujibu. Alipochoka kusemwa, akamwuza kwa watu wa lori. Wenye jina hilo katika nyumba hii ni wajukuu watano, na hawa hapa. Wa sita alikuwa yule punda."

Akamrudishia karatasi.

"Kwa hiyo aliyekuuzia chumba changu ni punda. Sijui kama sheria inamtambua."

Mwenye Duka alisema kwa sauti ndogo kwamba basi arudishiwe mabati yake. Bibi alimjibu kwamba ruhusa anayo. Apande ayang'oe, na yeye atawaita majirani wamshikie ngazi, na Mtoto awasomee karatasi tangu mwanzo wakati wanasubiri. Mwenye Duka alilitazama paa, akaitazama karatasi, kisha akaikunja mara nne na kuvuka barabara bila kuangalia magari.

Juu, Sabuni alikuwa amelala kifudifudi, mabati yanamchoma tumbo, akiomba asionekane. Ndiyo mara yake ya kwanza kuomba kitu ambacho si cha mtu.

"Mume wangu," bibi akaita.

Sabuni akainua kichwa.

"Kona ya kushoto bado misumari miwili. Ukimaliza, ngazi itarudi."

Kisha nyundo ikasikika, mara nne, mara tano. Chini, wajukuu walikwisha kulitoa gunia juu ya cherehani, na Macho na Kimya walikuwa wakibishana nani ashone asubuhi na nani jioni, ubishi wa watu wenye paa.

Sabuni aliposhuka hakuna aliyempiga wala kumtukana. Bibi alimpa pole ya kazi, akamwambia asiondoke na kiu. Akamwekea maji miguuni, kwenye ndoo, bila kikombe.

Sabuni aliitazama ndoo. Akamtazama bibi. Watano wote walisubiri.

Akainama, akanywa.