Msanii Hajulikani

Jumatatu, 3 Juni

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa chochote unachokipenda: usimsomee mtu hata neno moja. Hata uliyefunga naye ndoa usimwambie. Ukicheka, cheka kimoyomoyo, wasije wakakuuliza unacheka nini. Mimi ni karani wa jumba la sanaa la mji. Niko katika miezi ya majaribio, na nina mama.

Shida ya leo. Mkurugenzi ametangaza kikaoni kwamba kuta kuukuu za mtaa wa soko zitapakwa chokaa, kisha wasanii wa kisasa wachore juu yake. Sanaa itoke ndani, iwafuate watu. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Kisha akaanza kuzitaja kuta, na mmoja ni wa ile saluni iliyofungwa zamani. Mikono ikanifia hewani.

Ukuta ule aliuchora marehemu baba. Alikuwa mchora matangazo: vinyozi, maduka ya viatu, daktari wa meno. Kazi zake zote zimekwisha, kwa jua, mvua na wenye nyumba wapya. Umebaki huo tu. Kichwa cha mwanamke, kikubwa kuliko mlango, nywele zimesukwa kwenda nyuma, anacheka na mwanya wake. Ni mama. Mwenye saluni alitaka meno yaliyobanana. Baba alikataa kuuziba mwanya, wakagombana hadi majirani wakaingilia. Na pale bomba la maji linapotokeza ukutani, baba alilipaka rangi ya dhahabu likawa hereni.

Mama hupita hapo kila asubuhi akienda kwenye kazi yake ya kushona. Humsalimia yule wa ukutani. "Hujambo, binti? Wewe huzeeki, mwenzio nimekwisha."

Ningeweza kunyoosha mkono kikaoni. Lakini karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kutundika picha ya mjomba wake ukumbini. Mkurugenzi bado anakitaja kisa hicho. Hapa si sebuleni kwa shangazi yako, husema. Basi nikakaa kimya. Nilikaa kimya vizuri sana.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Pale jumbani kuna sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: chenye kadi hakiguswi. Mlinzi aliwahi kutundika koti lake la mvua kwenye msumari uliokuwa na kadi. Alirudi kwake amelowa chapachapa, kwa sababu wageni walikuwa bado wanalitazama.

Nimeandika kadi. "Mwanamke Anayecheka. Rangi ya mafuta juu ya plasta, na bomba. Msanii:" Hapo kalamu ikasimama. Jina la baba ndilo jina langu la pili. Wangejua mara moja. Nikaandika: Hajulikani. Nikaongeza maelezo, maana kadi isiyo na maelezo haiogopwi: "Kazi hii inahoji mpaka kati ya tabasamu na jengo." Sijui maana yake. Inatisha inavyotakiwa.

Nimeibandika saa ya chakula, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Alhamisi, 6 Juni

Imefaulu! Wapaka chokaa walifika, wakasoma kadi, wakaondoka na ndoo zao. Mkurugenzi akaenda mbio kujionea. Alisimama mbele ya mama, ameshika kidevu. Akasema mwanya ule ni mlango wa historia. Akasema bomba lile ni shutuma kwa idara ya maji. Nikaandika yote. Akaniuliza mimi naonaje. Nikasema naona kama aonavyo yeye.

Jioni nikampa mama habari kwamba ukuta umepona. Akauliza wamesemaje kuhusu baba yako. Nikasema wamemsifu. Si uongo kabisa. Akauliza kama jina lake wameliandika sawasawa, maana watu hulikosea. Nikamwambia chai inapoa.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mkurugenzi amekwenda redioni kumwita msanii wa ukuta ajitokeze. Hajulikani, alisema, kwa sauti ya majonzi. Mama alikuwa anasikiliza huku akishona. Mashine ikasimama. Akaniuliza hajulikani na nani. Nikamweleza kuwa hiyo ni lugha ya kitaalamu, ni kama cheo. Akanitazama kama anavyotazama pindo lililoharibiwa na fundi mwingine. Akasema basi kesho nenda ukawaambie, mwanangu. Kazi ya mdomo tu, hubebi mzigo. Nikasema ndiyo, mama.

Jumanne, 11 Juni

Nilikwenda. Nilifika hadi mlangoni kwa Mkurugenzi. Nikagonga kidogo sana. Hakusikia. Nilishukuru!

Mpango mpya: baba asijulikane kwanza mpaka nithibitishwe kazini, kisha nitamtangaza. Marehemu hana haraka. Nimeuona ni mpango wa busara.

Jumatano, 12 Juni

Msanii amejitokeza.

Anajiita Gwiji. Ni mchoraji mwenye kofia pana, ambaye maduara yake ya buluu yametundikwa katika kila benki ya mji huu. Aliingia ofisini analia. Akasema ukuta ule ni wa ujana wake, na mwanamke yule alikuwa mchumba wake, aliyempigia magoti asimwache. Mkurugenzi akatoa leso. Mimi nikaleta maji. Nilimletea maji! Akaniita kijana mwema.

Nikajikaza. Nikamwuliza kwa unyenyekevu kwa nini bomba alilifanya hereni. Akauliza, bomba gani? Mkurugenzi akanikazia macho. Nikasema samahani, mzee.

Gwiji anasema kazi haikukamilika. Jumamosi, mbele ya watu, ataufunika uso kwa duara la buluu, ishara kwamba amemsamehe yule mwanamke. Nikanong'ona kwamba chenye kadi hakiguswi. Mkurugenzi akasema isipokuwa na mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni

Redio imemaliza kila kitu. Mama alisikia habari za mchumba, akang'aka. Mchumba? Mimi? Wa yule wa kofia? Nikampigie magoti mtu ambaye hata njiani sijapata kupishana naye! Alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akaendelea kuyafuta akiwa hacheki tena. Akasema baba yako alinisimamisha juani kutwa, ananiambia cheka, cheka tena, mpaka mashavu yakaniuma. Useme, mwanangu. Sikuombi kingine.

Niliahidi. Niliahidi kwa kiapo.

Mpango: mvua. Ikinyesha kesho hawatachora. Nimekagua mbingu kutoka dirisha la ofisi. Kuna wingu moja. Dogo, lakini lina nia.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua hakuna. Andika yote, karani. Usiruke kitu.

Watu walijaa. Mkurugenzi akahutubia. Gwiji akavua kofia, akaivaa tena. Ngazi ikaletwa, lakini ardhi pale ni mbovu, ikawa inayumba. Mkurugenzi akatafuta mtu wa kuishika, macho yake yakatua kwangu. Nikaishika. Kwa mikono yote miwili. Nikajiambia akifika katikati nitasema.

Mama alikuwa mbele kabisa. Amevaa gauni lake la kutokea. Alinitazama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mzazi anavyomtia moyo mtoto anayesoma darasani. Nikamwona anangoja. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Gwiji akachovya brashi.

Ndipo mama akasema mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema huyo ni mimi, na aliyenichora ni mume wangu. Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja akapayuka, "Mama, mwambie mumeo anichoree na mke wangu basi!" Mama akafungua kinywa, akawaonyesha mwanya. Wakazidi kucheka. Mtu mzima, anafungua kinywa mbele za watu aaminiwe.

Mkurugenzi akanigeukia. Akauliza kama namfahamu mama huyu.

Nikasema huwa namwona mtaani.

Brashi ilianzia kwenye jicho la kushoto. Tone la buluu lilinidondokea mkononi. Sikuweza kulifuta, kwa kuwa ngazi ingeyumba. Nilipotazama tena, mama alikuwa amekwisha kwenda. Waliompisha njia hawakuwa wakicheka tena. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 16 Juni

Nilidhani nitafungiwa mlango. Haikuwa hivyo. Mama alinitengea chakula kama kawaida, akafunika sahani nzi wasiingie. Akakaa, mikono mapajani. Nilisubiri matusi, nilikuwa tayari kwa matusi. Akauliza jambo moja tu.

"Ngazi ilikuwa nzito?"

Nikasema kiasi, mama. Akasema pole.

Jumatatu, 17 Juni

Nimethibitishwa kazini. Mkurugenzi amesifu utulivu wangu mbele ya yule mama aliyechanganyikiwa. Neno ni lake, si langu. Nilishukuru. Nilishukuru mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka.

Nilirudi nikakuta mama amehamia kwa mama mdogo, ng'ambo ya mji. Cherehani imekwenda naye. Jirani anasema hajakasirika, amesema tu kwamba asubuhi sasa atapita njia nyingine.

Jumanne, 18 Juni

Usiku nimelia, asubuhi nimefikiri. Na sasa nina mpango ambao hauwezi kwenda mrama!

Kadi mpya. Nitaibandika palepale, kando ya duara. "Chini ya buluu hii pana mwanamke anayecheka. Aliyemchora alimpenda." Watu watasoma, watauliza, Gwiji ataumbuka, Mkurugenzi ataamuru rangi ikwanguliwe taratibu, na mama atarudi. Nilipofika mahali pa jina la msanii nilitafakari sana. Nimeandika: Atatajwa baadaye. Kwa sasa si wakati. Kuna nafasi ya karani mkuu, na baada ya hapo nitakuwa huru kabisa kusema.

Ninachohitaji ni mtu wa kuibandika, maana mimi nimeonekana mno pale ukutani. Nimekuchagua wewe. Njoo jumbani siku yoyote ya kazi, kabla ya saa sita. Mapokezi usitaje jina langu. Sema umekuja kuuliza habari za maduara. Pita ukumbini, panda ngazi, mlango wa pili kushoto utamkuta kijana mwembamba mwenye doa la buluu kwenye mkono wa kulia, limegoma kutoka. Msogelee, mwulize kama yeye ni mtoto wa yule mama.

Atakwambia hapana. Ujue umefika.