Faili la Mgonjwa Ambaye Hajazaliwa

Kwa fahari kubwa, Masjala ya hospitali yetu inautangazia umma kwamba haijawahi kuruhusu mtu asiye na faili atibiwe. Nasema haya nikiwa Mkuu wa Masjala, mwaka wa kumi na tisa, bila doa.

Basi picha ya tumbo ikaonyesha mtoto, angali tumboni mwa mama yake, utumbo umetoboka. Daktari wa upasuaji akaja mbio dirishani kwangu: chumba kiandaliwe, akizaliwa tu ashonwe.

"Jina la mgonjwa?"

"Hajazaliwa, mkuu."

"Anakaa wapi?"

Mama mtu, kajishika kiuno mlangoni, akadakia: "Kwangu."

"Alete barua ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ndiye mimi!"

Suala lilikuwa zito. Mkurugenzi akaunda Kamati ya Wagonjwa Wanaotarajiwa. Ilikaa mara nne, ikaazimia mtoto afike dirishani mwenyewe, na ushahidi wa kuwepo.

"Mwanangu atanifia mkipanga karatasi!" mama akalia.

"Subira yavuta heri, dada," nikamwambia. Nilimwonea huruma, ila kwa mdomo tu.

Akajifungua Jumanne, kamati ikiwa kwenye chai. Daktari hakumngoja mtu, akamshona. Mkurugenzi akaja kugonga mlango: "Nani kaidhinisha operesheni hii?"

Muuguzi akachungulia. "Operesheni ya nani, mkubwa? Si mmesema hayupo?"

Mkurugenzi akaenda kuitafuta kanuni inayohusika. Hadi leo hajaipata.

Ikabaki kungoja choo. Daktari alisema mtoto asipopata choo, mshono haujashika, na ziwa hapewi. Siku ya sita mama alikuwa hali wala halali, macho kwenye nepi.

Siku hiyohiyo wakaja wageni kutoka wizarani. Mkurugenzi, ndani ya koti jipya, akakumbuka kwamba wazo la operesheni lilikuwa lake. Akamnyanyua mtoto mbele ya kamera, akimtoa nepi ili mshono uonekane.

"Haya ndiyo matunda ya utaratibu wetu!"

Yakatoka. Mengi, ya kijani, kuanzia kola hadi mfukoni.

"Kapata choo!" muuguzi akapiga kelele. Wodi nzima ikashangilia, daktari akalia waziwazi. Mama akalishika koti kwa mikono miwili, akalibusu, uso wa mwenye koti hata asiutazame.

Nikafungua faili palepale. Penye ushahidi wa kuwepo, nikaandika: upo, umevaliwa na Mkurugenzi.