Z wa Kwanza Kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo ubaoni! Nyumba sita za watumishi zimekamilika. Kompyuta itapanga majina, na atakayetangulia ndiye atakayechagua kwanza. Jina langu linaanza na Z. Tangu darasa la kwanza mimi ni mkia tu. Huu mwaka wa tatu nalala na mke wangu sebuleni kwa mama mkwe, ambaye kila alfajiri hupita kwenda jikoni akikohoa makusudi. Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemnunulia chai Miwani, mtaalamu wetu wa programu, mtu wa kujiona. Akafunguka. Kumbe kompyuta haijui kusoma, inajua namba tu, na kila herufi ina namba yake. Inalinganisha majina herufi kwa herufi kutoka kushoto. Yakitofautiana, lenye namba ndogo linatangulia. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, kipi kina namba ndogo kuliko A. Akasema ile nafasi tupu ya kutenganisha maneno. Nikamwongezea biskuti. Mchana nikajaza fomu: nafasi kwanza, kisha jina. Wala haionekani! Mimi ni moto wa kuotea mbali.

Alhamisi, 6 Machi
Orodha imetoka. Wa kwanza, mimi! Mama mkwe ameniita mwanangu bila kejeli. Mke wangu ameshachagua rangi ya mapazia.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu. Kabla ya kuchagua, kompyuta ililinganisha majina yetu na daftari la watumishi lililomo humohumo ndani yake. Langu likakataliwa. Miwani akaeleza kwa raha zake kwamba kwa kompyuta, jina lenye nafasi mbele na lisilo nayo ni watu wawili tofauti. Nikaomba basi nirudishwe mkiani. Mkuu wa ofisi akasema hagawi nyumba kwa mjanja. Waombaji tulikuwa sita. Nyumba ya sita imekuwa stoo ya viti vibovu.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu hajagomba. Ameuliza tu kwa nini sikuandika jina nililopewa na wazazi wangu. Ningekuwa wa mwisho, na nyumba ningepata. Imeniuma, kusema kweli.

Ila nimewaza hapa kochini, na kosa nimeliona. Nafasi niliiweka kwenye fomu, daftarini sikuiweka. Jumatatu nitawahi kazini kabla ya Miwani, nilirekebishe jina na kule. Orodha ya likizo nayo inapangwa na kompyuta, Jumatano. Naweka nafasi mbili, kwa usalama.