Udongo wa Kazi na Vyura wa Ilagala

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kijitoni, mimi hujaza karai maji ya klorini na kuosha gambuti zangu. Alhamisi ile nilikuwa na mguu mmoja karaini gari la ofisi yetu ya kutunza vyura liliposimama, kipaza sauti kikakohoa, na mkuu wetu, Mzee Pastory, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo vyura wote wa kijito hiki wanatakiwa kuwa na afya njema.

Tangazo lilirudiwa kwa Kiha, kwa sababu vyura wengi ni wa vijijini, kisha kwa Kirundi, kwa wale waliovuka mpaka. Vyura hawakupinga. Baadhi walikuwa wamekwisha kufa.

Wanakufa kwa kuvu. Inashika ngozi, na chura hupumua na kunywa kwa ngozi hiyohiyo. Akiugua anakaa juani amezubaa, ukimgusa haruki. Hawa wetu wadogo, wenye matumbo ya njano, wamebaki kwenye vijito vya milima hii tu, na kuvu husafiri na maji au na tope la viatu. Ndiyo sababu tuna karai.

Mzee Pastory haingii karaini. Si kiburi. Waraka wa ofisi unaeleza kwamba tope kwenye gambuti za mkuu ni ushahidi kwamba yuko kazini, na ushahidi hauoshwi. Tope lake lina matabaka. La chini ni la kijito cha kwanza alikokwenda kuwapa vyura pole. La kati ni la kijito cha pili. La juu ni la hapa, alipokuja mwezi uliopita kuzindua karai. Vile vijito viwili vya mwanzo sasa viko kimya, jambo ambalo taarifa yetu inaliita utulivu.

Kamati ya Mwenendo wa Vyura ilikuwa imekaa Kigoma mjini na kubaini kwamba ugonjwa huu ni mgeni. Ugonjwa mgeni huletwa na mtu mgeni. Mgeni wa karibu alikuwa Révérienne, aliyekimbia Burundi na wanawe wawili, na bustani yake ya lengalenga, ule mchicha wa kwao, kando ya maji ndiyo sufuria yao. Kamati ikaazimia aiache na kuondoka.

"Yoo, Mana yanje!" Révérienne alimwita Mungu wake kwa Kirundi alipoambiwa hayo, jembe mkononi. "Mzee, mimi natembea peku. Hiyo kuvu nimeifunga kwenye kanga?"

"Mama, usiingilie sayansi."

"Afadhali vyura," Swaibu, dereva wetu wa Ujiji, alinong'ona. "Wao wametangaziwa kwa lugha tatu."

"Na wanangu watakula nini, Mzee?"

"Suala hilo litaundiwa kamati ndogo."

"Hiyo kamati ndogo inapikwa na chumvi?"

Swaibu akageuka kukagua tairi. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa. Siku chache nyuma, Mzee Pastory akiwa ofisini anakunywa chai ya tangawizi, nilipitisha kipamba kwenye gambuti zake mlangoni na kukipeleka maabara. Jibu lilikuja jana yake: kuvu tele. Nilikusudia kufuata ngazi. Ningemdokeza msaidizi, naye amdokeze katibu, naye atafute siku ambayo Mzee amelala vizuri. Kwa makadirio yangu, mwakani.

Lakini Révérienne alikuwa ameanza kung'oa lengalenga changa, majani ya kutosha kiganja, ili wanawe wapate cha kula hata jioni hiyo.

"Mzee," nikasema.

"Wewe binti husikiki hata ukiwa karibu," Mzee Pastory akasema kwa upole, akanipa kipaza sauti. "Haya, msomee azimio. Kijiji kizima kisikie." Akashuka hadi ukingoni, akanyanyua mguu juu ya maji. "Swaibu, piga picha. Tope lionekane."

Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikashtuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Soma."

"Azimio linasema aliyeleta kuvu aondoke kijitoni leo hii na asirudi."

"Vizuri sana. Endelea."

Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani.

"Kuvu imo kwenye gambuti zako. Nimepima. Tafadhali rudisha mguu. Mama Révérienne, acha kung'oa mboga. Wa kuondoka ni wewe, Mzee."