Mwanzilishi wa Chumba Namba 14

Jumatatu, 4 Agosti
Penrith, kusini mwa dunia. Baridi ya Agosti, ya kuuma mifupa. Nimechoka hata kabla ya kuamka. Profesa Whitlock, msimamizi wangu wa uzamifu, ameandika: sura ya pili ifike Jumanne ijayo, la sivyo kamati itanifuta. Nikifutwa, viza ya mwanafunzi nayo kwaheri. Miaka miwili ya jasho, kisha ndege ya kurudi Nairobi!

Sura yenyewe: jinsi Wapolandi walivyoanza kuandika historia ya viwanda na teknolojia yao. Vitabu kumi na kimoja mezani, vyote Kipolandi. Mimi Kipolandi sijui hata salamu. Lakini kwenye fomu ya maombi niliandika: Kipolandi, kusoma, vizuri sana. Nilichagua Poland kwa sababu hakuna Mkenya mwingine aliyeichagua. Niliona nimepata njia ya mkato.

Jumanne, 5 Agosti
Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee, Westmead. Huko ndiko ninakowalea wazee na kuharibu mgongo. Nikiwa nasukuma kitoroli cha chai, wazo! Chumba 14 kuna Mzee Zenon, Mpolandi, miaka tisini na moja, zamani mhandisi wa kiwanda cha chuma. Nitampelekea vitabu, anitafsirie kwa Kiingereza, mimi niandike.

Tatizo: chumba 14 ni cha zamu ya Généreuse, mlezi mwenzangu, Mkongo wa Butembo, kwa miaka mitatu sasa. Nikamwomba tubadilishane. Nikasingizia mgongo: Mama Ilona wa chumba 9 lazima anyanyuliwe kwa mashine, Mzee Zenon ni mwepesi. Généreuse akauliza: “Ndugu Elkana, ule mugongo unaumaka tu siku ya kazi?” Lakini akakubali. Fomu za chumba 14 ataendelea kujaza mwenyewe, maana zangu, anasema, hazisomeki. Na Mzee anyolewe ndevu kabla ya chai. Nikasema ndiyo kwa kila kitu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemnyoa, nikampa kitabu cha kwanza. Akasoma mstari mmoja, akacheka, akakirusha kitandani. Akasema mwandishi huyo hajawahi kusimama karibu na tanuri. Kisha akamwaga maneno dakika arobaini.

Anasema mwanzoni walioandika walikuwa wahandisi. Waliijua kila parafujo, lakini ukiwasoma utadhani mashine zilijiendesha, hapakuwa na mtu. Baada ya vita wakaja wanahistoria, na serikali ikitaka habari za wafanyakazi. Hao walihesabu watu, wakasahau mashine. Yakafuata majarida, makumbusho, mikutano, na ugomvi wa pande mbili usioisha. Viwanda vilipofungwa miaka ya tisini, wote wakakimbia na kamera, wapige picha mabomba ya moshi kabla hayajabomolewa.

Dhahabu tupu! Kurasa sita. Miguu inawaka moto.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikwenda. Nilidanganya niko zamu, kumbe nachapa. Mzee anatafsiri kwa kasi ya ajabu, hata kurasa hafungui. Huo ndio usomi! Na nimemgundua mtu muhimu: mtaalamu mmoja, Pietrzak, aliyewapatanisha wahandisi na wanahistoria. Kitabu chochote nikimpa, Pietrzak yumo. Nimemwita mwanzilishi wa taaluma nzima.

Siku hizi Mzee anavaa tai kabla sijafika.

Jumanne, 12 Agosti
Nimetuma! Kurasa ishirini na mbili. Nimelala kwa saa tisa bila kugeuka.

Alhamisi, 14 Agosti
Leo nimeona sinia la kifungua kinywa la chumba 14. Kijikaratasi: Zenon Pietrzak.

Nilikaa kwenye kiti cha choo dakika kumi.

Nikamfuata Généreuse. Hakushangaa. Akasema Mzee aliandika kitabu miaka thelathini, juu ya matanuri na watu wake. Wahandisi walikikataa: watu wamezidi. Wanahistoria wakakikataa: parafujo zimezidi. Kipo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Nikauliza yeye amejuaje. Mzee alimweleza, kwa Kipolandi. “Miaka tatu namukulisha, nisisikie luga yake?”

Mtu hajamaliza sekondari! Nimeona wivu.

Ijumaa, 15 Agosti
Profesa ameniita. Ametafuta katika kila maktaba, hadi za Warszawa, Poland. Hakuna Pietrzak. Nikasema vitabu vyake ni adimu. Akafungua kimojawapo cha vile kumi na kimoja, akaniomba nimsomee sentensi moja. Nikakohoa. Akaleta maji. Nikayanywa kidogo kidogo hadi yakaisha.

Ikabidi niseme nusu ya ukweli: Pietrzak yu hai, yuko Westmead. Macho yakamng’aa. Shahidi wa miaka tisini na moja! Kesho atakuja na kinasa sauti. Mzee aongee Kipolandi, awe huru. Mkalimani: mimi.

Kwenye treni nililala kwa huzuni, nikapitiliza Penrith. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika mwisho wa reli, Emu Plains.

Jumamosi, 16 Agosti
Mzee amenyolewa, tai shingoni. Généreuse pembeni, anamenya tufaha. Profesa akauliza swali moja. Mzee akazungumza dakika kumi, akalia, akafuta machozi. Wote wakanigeukia.

Nikasema: anasema ilikuwa vigumu.

Profesa akauliza kama ni hayo tu. Généreuse akaweka kisu chini, akatafsiri yote, polepole, jina kwa jina, tanuri kwa tanuri. Sanduku likatolewa. Profesa, kumbe anasoma Kipolandi kidogo, alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akasahau kukaa. Kuanzia Jumatano Généreuse atakwenda chuoni kila wiki kumsaidia kukitafsiri kitabu.

Mimi nimepewa siku moja: fomu ya mada mpya, katika lugha ninayoijua kweli. Nafasi ya mwisho, amesema, na hakutabasamu.

Nilipokuwa nikitoka Mzee akanishika mkono. Akasema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kuliandika jina lake ndani ya historia. Akaomba nakala ya sura yangu. Nimempa. Ameiweka sandukuni, juu ya kitabu chake. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nimeapa: uongo basi.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani nimekwenda. Nimetubu kwa sauti.

Mchana nimejaza fomu. Nimefika penye nafasi ya lugha, nikakaa na kalamu. Kiswahili, Kiingereza, Kimeru. Kila Mkenya ana zake kama hizi. Halafu nikamkumbuka Mama Ilona wa chumba 9. Mhungaria. Alifanya kazi kiwanda cha mabasi miaka ishirini, na ana kumbukumbu kali.

Mgongo wangu, kwa kweli, umepona kabisa.

Nimeandika: Kihungaria, kusoma, vizuri sana.