Nilivyokunywa Tulizo la Mtoto Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeadhirika, dada zangu. Tena si kichochoroni. Ni barazani, mbele ya jumbe, mbele ya karani wa Boma, ofisi ya serikali, aliyetoka Songea, na mbele ya baba mkwe wangu. (Mkianza kucheka hapa mtachoka mapema. Kubaya bado.)

Kuna mchuuzi anayeshuka huku ziwani kutoka Kitai kwa baiskeli, anauza chupa ndogo za maji mekundu. Dawa yake ameiita Tulizo la Mtoto, na watu wamemwita yeye Bwana Tulizo. Mtoto akilia, kijiko kimoja. Akilia tena, cha pili. Akina mama wanaipenda kwa sababu mtoto hulala, nao hupata nafasi ya kuanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, na kupalilia mihogo. Siwalaumu. Nami nimelea.

Lakini pale kliniki ninakopima watoto uzito naona ninayoyaona. Watoto waliokuwa wamenona wanarudi wepesi mkononi. Wa karibuni ni Stefano, mtoto wa wifi yangu Agnesi. Juzi nilimpakata, nikamfinya kidole cha mguu. Akafumbua jicho moja, akalifumba. Titi halitaki. Nikamwambia Agnesi aiache ile dawa. Akanijibu kwa upole kwamba baba yake ndiye anayeinunua, na yeye ni nani wa kumpinga baba.

Baba yake ndiye baba mkwe wangu, Mzee Yohana, mzee wa baraza. Tangu niolewe sijawahi kula mbele yake wala kumtazama usoni. Nikikutana naye njiani napiga magoti, natoa shikamoo yangu nikiangalia mchanga. Jina lake silitamki. Hata kuliandika hapa naona nimevuka mpaka.

Sasa, serikali imeyauliza mabaraza kama yanataka sheria: dawa ya mtoto mchanga isiuzwe mpaka ioneshwe kwanza zahanati. Leo karani alikuja kuchukua neno la wazee wa hapa. Wakikataa, basi, imekwisha. Nikaapa haitakwisha hivyo. Nimeamka alfajiri, nikapanga maneno yangu, nikasahau kula. Mafua nayo yamenishika tangu Jumapili, pua imeziba, sisikii harufu hata ya samaki.

Dawa yenyewe nilikuwa nimeionja tone moja jana. Ulimi ulisikia sukari tu. Nikahitimisha kwamba watu wanauziwa maji ya sukari na rangi, na watoto wanakataa titi kwa kushiba maji. (Nilijiona daktari mzima.)

Barazani wazee walisema kwanza. Baba mkwe alieleza kwamba tangu dawa ile ije, nyumbani kwake kuna amani, na si kila kijiko lazima kipite zahanati. Wengi wakaitikia. Nikaona sheria inazama. Jumbe aliponipa ruhusa nikasimama, macho chini, nikasema mle chupani hamna dawa, tunaibiwa, na watoto wanadhoofu. Bwana Tulizo akatabasamu. Akasema dawa yake ina nguvu kuliko ninavyodhani.

"Basi nipe chupa," nikamwambia.

"Mama, hiyo hunywewa kwa kijiko."

Nikajua anaogopa kuumbuka. Nikaichukua mwenyewe, nikaifungua, nikainywa yote. Koo likawaka. Nikajiambia huo ni mdalasini. Tukangoja. Hakikutokea kitu. Nikawauliza wazee kama wanaona nguvu yoyote hapo, kisha nikafungua ya pili, nikaimaliza nayo. (Mwenye akili angeketi hapa.)

Nikaendelea kuhutubia. Habari za maziwa ya mama, habari za uji, habari za kupima uzito. Mwanzoni nilisema vizuri. Kisha nikaona nasema vizuri mno. Masikio yakapata moto. Karani akawa makarani wawili, wote watu wema. Nikawaza, wazee wapole namna hii, nimewaogopea nini miaka yote?

Nikaenda nikaketi kwenye benchi lao. Kando ya baba mkwe. Nikamwekea mkono begani.

"Yohana," nikamwambia, "wewe ni mtu mzuri. Ila mbishi."

Dada zangu, nilimtaja kwa jina. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma na walimu wenzake, alivua kofia akajifunika nayo uso. Baba mkwe hakusogea. Mtu akishikwa bega na mkwe wake afanye nini? Halijapata kutokea. Mimi nikaona amenuna, nikataka kumchangamsha. Nikainuka nikaanza kucheza kioda, ngoma yetu ya wanawake, peke yangu, bila ngoma. Nikamvuta mkono tucheze wote. Hapo miguu yangu ikakataa. Nikaketi mchangani, usingizi ukanichukua nikiwa katikati ya wimbo.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mume wangu. Jumbe aliuliza kama huyu mama hunywa. Watu wakasema hapana, hata pombe ya harusi haonji. Agnesi akaja kunitikisa. Sikuamka. Akanifinya kidole cha mguu. Nikafumbua jicho moja, nikalifumba.

Agnesi akasimama. Akamfungua Stefano mgongoni, akamtazama, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "mtoto huyu hakutulia. Amelewa."

Baba mkwe aliondoka kwenye benchi, akachukua chupa, akampa Bwana Tulizo, akamwambia anywe. Bwana Tulizo akajibu kwamba yeye hanywi pombe. Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Basi ikajulikana kuwa ni gongo, ile ambayo ng'ambo ya ziwa huiita kachasu, imetiwa sukari, mdalasini na rangi.

Baba mkwe akasema kwamba ni mkono wake uliomnywesha mjukuu wake, na kwamba karani aandike neno la wazee sasa hivi, kabla mtu hajaenda kula. Wote wakaafiki. Bwana Tulizo akasogezwa mbele ya jumbe ajieleze. Chupa zake zikaamriwa kumwagwa. Wazee wawili walijitolea kuzimwaga, na nasikia walichukua muda mrefu.

Nilipoamka jua lilikuwa linaelekea ng'ambo na kichwa kinagonga kama kinu. Agnesi alikuwa kando yangu. Stefano alikuwa analia, kilio cha njaa, cha ghadhabu. Akalishika titi akanyonya mpaka akatoa jasho puani. Kelele ile ilinipasua kichwa, nami sikutaka inyamaze.

Jioni hii baba mkwe ametuma neno. Nimpelekee jogoo kwa kumtaja jina hadharani. Ni haki yake. Akaongeza kwamba siku ya gulio, nikienda kuangalia wachuuzi wanauza nini, nimpitie tufuatane, ila nitembee mbali nyuma yake.

Nitakwenda. Na nyinyi mlio Maguu na Namswea, msinicheke. Wenzake Bwana Tulizo wako barabarani, watafika na kwenu. Wakifika, simameni barazani mseme bila kuogopa. Ila kuleni kwanza. Ushahidi haunywewi kwa tumbo tupu.