Kumfanya Baba Mkulima

Alhamisi, 11 Juni 2026
Nina hasira. Maombi ya mkopo wa chuo yanafungwa Ijumaa ijayo, na wanataka karatasi ya makadirio ya kodi ya mzazi pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji anapoishi. Bila mkopo hakuna ualimu. Nitapanga sabuni kwenye duka la baba, hapa Rwamishenye, hadi nizeeke! Joanitha wa jirani, ambaye baba yake ana lori, tayari ana barua. Leo alikuja kununua chumvi akaniambia eti nisijisumbue, mtoto wa mwenye duka hapewi mkopo. Chumvi nilimpimia kidogo.

Ijumaa, 12 Juni
Nimepata mpango. Karatasi ya kodi nimeificha chini ya godoro. Sikuisoma hata, neno "biashara" lilitosha kunikera. Baba atakuwa mkulima! Tutakwenda kwa bibi, Muleba, ambako mtendaji hajui kwamba tuna duka. Baba alikataa. Nikamwambia kibanja cha bibi, migomba ile, ndiyo asili yake. Akalainika. Mama aliuliza kwa nini tusiende tu kwa mtendaji wetu wa mtaa, hatua mia moja kutoka mlangoni. Mama haelewi mambo ya chuo.

Jumapili, 14 Juni
Aibu! Tulipanga kwenda kwa mtendaji kesho bila kelele, lakini nyumbani kwa bibi hakuna asiyekwenda kanisani. Mchungaji akaomba wageni wasimame. Nilimvuta baba koti. Akasimama! Akasema yeye ni Rutaihwa, mfanyabiashara kutoka Bukoba mjini. "Mjini" alilitamka mara mbili. Baada ya ibada ukafuata mnada wa mavuno. Mnadi, mzee mmoja anaitwa Ta Kahigi, aliinua mkungu wa ndizi akatania kwamba siku hizi watu wa mjini huja na suti tu, mifuko huiacha kwao. Basi! Baba alipandisha bei hadi akina mama wakapiga vigelegele. Na bibi ana ndizi hizo hizo nyuma ya nyumba!

Jumatatu, 15 Juni
Mtendaji wa kijiji ndiye Ta Kahigi. Alitupokea kwa heshima zote, karibuni waitu, kisha akakataa katakata kuandika kwamba baba ni mkulima. Anasema usharika mzima ulimsikia baba jana. Barua yake inasema "mfanyabiashara mashuhuri wa mjini". Baba ameisoma mara nne. Anataka kuitia fremu! Simsemeshi.

Jumanne, 16 Juni
Tumerudi. Mama alipotandika kitanda changu aliikuta karatasi ya kodi. Yeye akaisoma. Duka letu liko daraja la chini kabisa. Anasema anayeomba mkopo hawezi kupata karatasi nzuri kuliko hiyo. Twende kwa mtendaji wetu kesho saa mbili, saa tatu tumemaliza. Nimekataa! Ofisi ile inatazamana na kwao Joanitha. Anione napanga foleni kama alivyopanga yeye? Kamwe! Shangazi Evodia anaishi kisiwani Bumbire. Huko baba atakuwa mvuvi. Boti ni kesho, na kesho si Jumapili. Baba amekubali. Tangu jioni anajizoeza mbele ya kioo: mimi ni mvuvi. Mvuvi mkubwa, anasema.

Nitamrekebisha njiani.